Timazi Sebuleni

Kesho yake baada ya kumzika baba mkubwa, wanawake tulikuwa bado tumekaa kwenye mikeka sebuleni, kule Mkuyuni, Mwanza, ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Mama mkubwa alikuwa kwenye godoro karibu na ukuta, kitenge kimemfunika mabega, na mbele yake mtu alikuwa amemwekea kikombe cha uji juu ya kigoda. Akanyoosha mkono wa kulia, mkono wake mzima, ule ambao haujawahi kuugua. Vidole vikapita kushoto kwa kikombe, vikafumba hewa. Akajaribu tena, vikapita tena. Jirani mmoja, mama mwema ambaye kosa lake lilikuwa huruma tu, aliona mjane amelalia upande, akainuka haraka amshike bega amnyooshe. Mimi na Kabula, binti wa mama mkubwa, tukapiga kelele kwa pamoja kutoka pembe mbili za chumba: "Usimshike!" Watu walitutazama kama tuliorukwa na akili, wanawake wazima wenye mvi, tunamkataza mtu kumsaidia mfiwa. Siwalaumu. Hawakuwepo mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu yalikuwa ya kuficha, kwa hiyo niliposikia kwamba anatafutwa mtu wa kwenda Mwanza kumuuguza mama mkubwa, nilifunga mzigo kabla sijaombwa mara ya pili. Nilidhani naenda mjini. Kumbe nilikuwa naenda kuishi kati ya jikoni na sebule. Mama mkubwa alikuwa ameanguka akiwa anasonga ugali. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, akalazwa, akaruhusiwa. Nilipofika nilimkuta kwenye kiti chake cha mbao chenye vitambaa vya kufuma, na maneno yake yote alikuwa nayo, tena makali. "Leticia," akaniambia kabla hata sijamaliza shikamoo, "umenenepa. Matokeo mabaya yanakupenda." Nikacheka, nikalia, nikambusu mkono. Kabula, mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea, alisimama nyuma ya kiti macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Alikuwa na mchumba Misungwi na posa ilikwisha kupokelewa. Ilibaki wakwe waje, wale, siku ya ndoa itajwe.

Nyumba yenyewe sijawahi kuona nyingine inayofanana nayo. Iko mlimani, katikati ya mawe makubwa ya Mwanza, na lipo jiwe moja ambalo lilimshinda baba mkubwa kulipasua, basi akaamua kuwa ukuta wa nyuma wa jikoni ni lenyewe. Tulipikia mbele ya jiwe. Lilikuwa jeusi kwa moshi na la baridi hata mchana wa jua kali, na mtungi wa maji uliegemezwa pale. Ukiosha vyombo mlangoni unaliona ziwa chini kati ya mapaa, siku nyingine la bluu, siku nyingine rangi ya maji ya dobi. Asubuhi tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, jioni ugali na sato au dagaa, na mlenda kila mara kwa sababu mama mkubwa alisema koo lake halitaki ubishi. Tulikula sote kwenye mkeka kuzunguka sinia moja. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile: hakuna wa kula chumbani isipokuwa mwizi.

Sasa ugonjwa wenyewe. Mguu na mkono wa kushoto vilikuwa vizito lakini vilikuwa vinarudi polepole. Kilichotushinda ni ule ulalo. Mama mkubwa alikaa amelalia kushoto, na mkono wake wa kulia, ule wenye nguvu, badala ya kumzuia ulisukuma kiti na kumzidishia kuanguka. Ukimnyoosha alipiga yowe: "Mnaniangusha! Mnaniangusha jamani!" Na pale kwenye sinia mkono ule ule mzima ulipotea njia. Ulikwenda kuchovya mlenda, ukachovya mkeka. Jioni moja tonge lake lilitua kwenye goti la baba mkubwa. "Nimekulisha, mzee," akasema, sote tukacheka, naye akacheka. Kesho yake alisema hana njaa wakati wa kula. Siku iliyofuata vilevile. Nikagundua kwamba anasubiri tumalize, kisha ananiomba nimgeuzie kiti kielekee ukutani, nimpe sahani yake pajani, ale peke yake huku chakula kikimwagika. Nilikuwa nasimama jikoni nikisikia kijiko kinagonga sahani, kinagonga kiti, kinagonga sahani. Iliniuma kuliko kama angelia.

Maneno hayakukosekana. Wifi yake, dada wa baba mkubwa, alikuja kutoka Igoma na kikapu cha viazi na rundo la ushauri. Alikaa na Kabula jikoni mbele ya jiwe, nami nilikuwa nje nachambua dagaa, mlango wazi. "Kichwa chake kimeondoka," alisema. "Mtu mzima haoni kikombe kiko wapi? Wewe Kabula sahau Misungwi. Mtoto wa mwisho ndiye fimbo ya wazazi." Kabula akajibu taratibu, "Shangazi, nimeshawaambia wasubiri. Siwezi kumwacha mama hawezi hata kula." Nikainua kichwa, nikaona dirisha la sebule nalo liko wazi. Mama mkubwa alikuwa anasikia kila neno. Alikuwa anatazama nje, amelalia upande wake, midomo ameibana.

Baba mkubwa Masanja alikuwa fundi mwashi, na alifanya kosa ambalo fundi mwashi peke yake angelifanya. Aliona kitu kimelala upande, akakitafutia mwega. Alitumia Jumamosi nzima uani kwa msumeno na nyundo, akatengeneza ubao imara wenye sponji juu yake, akaupigilia ubavuni mwa kile kiti, upande wa kushoto, kama unavyouwekea nguzo ukuta ambao saruji yake haijashika. Alifurahi sana. Tulimkalisha mama mkubwa, ubao ukamshika ubavu, na kwa kupepesa jicho alionekana mtu aliyekaa vizuri. Halafu akaanza kutetemeka. Mkono wa kulia ukasukuma, ubao ukasukuma, kiti chote kikateleza kwenye sakafu na yeye analia kwa hofu ya kweli kwamba tunamtupa shimoni. Kabula aliung'oa ule ubao kwa mikono. Baba mkubwa alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko kwenye mgongo wa lile jiwe, akabaki huko mpaka chakula kikapoa. Nilipompelekea maji aliniambia, "Leti, nimejenga maisha yangu yote. Sijawahi kushindwa kusimamisha kitu." Nikakaa naye.

Hospitalini tulikuwa tunakwenda kwa mazoezi ya viungo, na siku moja tulimpata mtaalamu mwingine, kijana mpole mwenye koti jeupe lililomzidi mabega. Hakuanza na sisi. Alichuchumaa mbele ya mama mkubwa, akamwamkia, akaitikiwa, kisha akamuuliza, "Mama, hivi sasa umekaa wima?"

"Nimekaa wima. Hawa ndio wamepinda."

Tukacheka mimi na Kabula. Yeye hakucheka. "Anasema kweli," akatuambia. "Mwili wake ndivyo unavyomwambia." Akaniita mimi, akanikalisha kwenye kiti cha kuzunguka cha ofisini, akaweka kikombe mezani, akaniambia nikiguse. Nikakigusa. Akasema nifumbe macho, akanizungusha mara nyingi, akakisimamisha kiti pale pale kilipokuwa. "Usifumbue. Gusa kikombe." Nilihisi mwili wangu bado unazunguka. Nikanyoosha mkono kwa uhakika wote, nikagusa meza tupu. Nikajaribu tena, nikampata Kabula tumboni. Nilipofumbua macho kikombe kilikuwa pale pale kilipokuwa mwanzo, na mama mkubwa alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama mtu tangu nifike. "Umeona?" akaniambia kwa sauti ndogo. "Umeona, Leti?" Ndiyo, nilikuwa nimeona. Nilitaka kumwomba radhi kwa kila kijiko nilichokisikia kinagonga kiti.

Yule kijana alitueleza kwa maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. Mkono haujui wenyewe kikombe kiko wapi, alisema. Mkono unauliza mwili: nimekaa wapi, nimeelekea wapi? Mwili ukijidhania umesimama kumbe umelala, mkono unafuata uongo ule ule, nao unafika pembeni. Mkono wa mama hauna kosa lolote. Ndiyo maana mkimsukuma anaogopa. Kwake yeye mnamtoa kwenye wima mnamtia kwenye kuanguka. "Lakini macho yake hayakuugua," akasema. "Mwonyesheni kitu kilichosimama wima, ajilinganishe nacho mwenyewe, kisha ndipo anyooshe mkono. Kona ya ukuta, mlango, chochote. Msimshike, ila awepo mtu karibu asije akaanguka."

Baba mkubwa, tuliyekuja naye, akasogea, kofia mkononi. "Kitu kilichosimama wima," akauliza, "wima kweli kweli?"

"Ndiyo, mzee."

Akatabasamu. Tulikuwa tumesahau meno yake.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata viatu. Alipanda kwenye stuli, akapigilia msumari kwenye mbao ya dari katikati ya sebule, akatundika timazi lake la kupimia wima wa kuta, kile kipande cha shaba kilichochongoka kama karoti, kimeng'aa kwa kushikwa. Uzi ukacheza, ukazunguka, ukatulia mbele ya kiti cha mama mkubwa. Nilimuuliza kwa nini asitumie fremu ya mlango kama tulivyoambiwa. "Mlango huu niliuweka mimi," akasema, "na nyumba imekaa miaka, imeshuka kidogo. Mlimani jicho linadanganya, mwanangu. Vijana wangu wakijenga kwenye mteremko mchana kutwa, jioni ukuta wote umeegemea mlima, na kila mmoja anaapa kwamba uko sawa. Uzi hauna urafiki na mlima." Kisha akaketi sakafuni miguuni pa mkewe, akangoja.

Mama mkubwa aliutazama ule uzi. "Umepinda," akasema.

"Minza," baba mkubwa akamwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yetu, "uzi haujawahi kupinda tangu dunia iumbwe."

Akautazama tena, muda mrefu. Nje mtu alikuwa anauza samaki kwa kupiga kelele, akapita, kelele zikaisha. Niliona jasho linamtoka juu ya mdomo. "Basi ni mimi," akasema. Alilisema bila hasira, kama mtu anayekubali kwamba mvua imenyesha kweli. Halafu, bila mtu kumgusa, bega lake likaanza kurudi. Liliondoka kidogo, likaogopa, likasimama. Likaondoka tena. Baba mkubwa alikuwa amekaa juu ya mikono yake mwenyewe ili asimshike. Alipofika sambamba na uzi, mama mkubwa alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima na ndoo kichwani, na Kabula akasogeza kikombe cha chai. Mkono ukaenda. Ukakigusa shikio, ukateleza, ukarudi, ukakishika. Nusu ya chai ilimwagika kifuani na hakuna aliyejali.

Tuliishi na ule uzi. Tulijifunza kuinama tukipita. Majirani walisema ni dawa, wengine waliogopa kukaa chini yake, na wifi wa Igoma alipouona alishika kifua akauliza ni mganga wa wapi. "Ni wa Mkuyuni," mama mkubwa akamjibu, "nalala naye kila siku." Siku nyingine ulalo ulimrudia vibaya, hasa akichoka, na mlenda ulikwenda mkekani. Lakini alirudi kwenye sinia. Aliketi uzi ukiwa mbele yake, anautazama, anajiweka sawa, ndipo anamega. Sisi tulijifunza kula taratibu. Sijui kama kuna chakula nimewahi kukipenda kama ugali ule uliopoa.

Kabula lakini hakubadilika. Mshenga alikuja, akarudishwa kwa maneno matamu. Alasiri moja mama mkubwa aliniita nikiwa natandaza nguo kwenye mawe. "Leti, Kabula anasubiri nife au nipone?"

"Mama mkubwa jamani!"

"Nakuuliza. Akisubiri nipone kabisa, mtoto wa watu atazeeka Misungwi. Mwambieni baba yenu awaite wakwe. Nitawanawisha mimi." Nilibaki nimeshika shuka. Mabinti zake wakubwa wote waliolewa kutoka sebule ile, na kila mara mama wa bwana harusi alipokuja na dada zake, aliyewamiminia maji ya kunawa hakuwa msichana wa kazi wala mtoto wa nyumba. Ilikuwa ni yeye. Mkwe mwenzangu hanawishwi na watoto, ndivyo alivyosema siku zote. Kumbe alikuwa amepanga kumjibu Kabula kwa jagi la maji. Tukaanza kujifunza kwa siri Kabula akiwa kazini, baba mkubwa akishika fimbo yenye timazi linaloning'inia pale uani, mimi nikiwa mkwe. Nilinyoosha mikono, nikasema "Wabeja, mayu," yaani asante mama kwa Kisukuma, naye akamimina. Alinimiminia viwiko, magoti, mara moja sikio. Nililowa mwaka ule kuliko mvuvi. Alicheka mpaka ikabidi akae, na sisi tukamwacha akae mwenyewe, kwa namna yake.

Siku ya wakwe ilipofika, alfajiri aliamuru uzi ushuke. Baba mkubwa alikataa. "Sitaki," mama mkubwa akasema. "Wakwe wasikute sebule yangu imetundikwa kamba kama saiti ya ujenzi." Walibishana chumbani, mimi nikipiga pasi vitambaa na kusikiliza, na baba mkubwa akashindwa kama alivyoshindwa siku zote. Akautungua, akaukunja, akatia timazi kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Wakija wakaona maji yanamwagwa mapajani mwao, Kabula asingetoka nyumba ile tena, na mama mkubwa asingemsamehe mwili wake.

Walikuja wanawake wa Misungwi na vitenge vyao vipya, wakaketi, wakasifu upepo wa ziwa. Wanaume walibaki barazani. Nikaleta beseni na jagi. Mama mkubwa akaniambia, mbele ya watu, "Lete," akainuka. Kabula alikuwa mlangoni mwa jikoni na bakuli la kuku, akaganda. Nikashika beseni chini ya mikono ya mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye uso wa kupendeza, naye akanyoosha viganja. Mama mkubwa akainua jagi. Na hapo nikaliona bega la kushoto linashuka. Macho yake yalikwenda pale ulipokuwa uzi, yakakuta hewa. Jagi likahama taratibu, likaacha viganja, likafika juu ya paja lenye kitenge kipya, naye uso wake ulionyesha kwamba haelewi amepotelea wapi. Sikuweza kumshika. Tulikuwa tumeapa kutomshika.

Baba mkubwa alikuwa barazani na wenzake. Sijui aliona nini kupitia dirishani. Aliingia, akasimama pale pale mlangoni, mkabala na mkewe. Akavua kofia. Akaunganisha miguu, akashusha mikono, akanyooka. Alikuwa mtu aliyepindwa mgongo na matofali. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama vile isipokuwa kwenye picha yao ya ndoa. Timazi lilikuwa limevuta koti lake upande mmoja, lakini yeye alikuwa wima kama alivyoamua kuwa. Mama mkubwa akainua macho. Akamwona. Walitazamana pale mbele za watu kwa muda ambao haukuwa wa adabu hata kidogo, na bega likarudi, na jagi likarudi, na maji yakaanguka katikati ya viganja vya mkwe.

"Mzee, kaa basi," shangazi mmoja wa Misungwi akamwambia.

"Nimekaa sana leo," akajibu, bila kugeuza shingo.

Alisimama mpaka mkono wa mwisho ukanawishwa. Kabula aliweka bakuli chini, akajifunika uso kwa upande wa khanga, akalia kwa sauti, na wageni wakadhani ni furaha ya bibi harusi. Jioni ile, mshenga alipouliza, Kabula alijibu mwenyewe kabla ya wazee: "Semeni siku."

Timazi lilirudi darini, baadaye likarudi kazini, na mama mkubwa akapona kiasi cha kutembea hadi sokoni na kugombana na wauza dagaa. Lakini ile desturi haikuisha. Kila nilipowatembelea, miaka yote hii, nilimkuta baba mkubwa asubuhi anasimama kidogo mlangoni kabla ya kuketi kunywa chai, mikono chini, naye mkewe anamtazama, kisha anachukua kikombe chake. Ukiwauliza walikuwa wanasema hakuna kitu.

Kwa hiyo tulipopiga kelele msibani, mimi na Kabula tulikuwa tunajua mama mkubwa anatafuta nini. Alikuwa anatazama mlango, na mlango ulikuwa mtupu. Kabula akainuka kwenye mkeka kwa shida, maana magoti siku hizi hayamtaki, akapita katikati ya waombolezaji na kwenda kusimama pale. Akaunganisha miguu. Akashusha mikono. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

Mama mkubwa akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni. "Simama vizuri," akasema. "Baba yako hakuwa anaegemea."

Kabula akajiondoa kwenye fremu ya mlango, akanyooka. Bega la mama mkubwa likaanza kurudi, polepole, bila mtu kumgusa. Kisha akanyoosha mkono, akakishika kikombe kwenye shikio, akanywa uji.